Ramani ya Kaka

4 Februari

Mdogo wangu Kiberiti,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ukiondoa yale ya kila siku. Kaka yetu mzima, anakula, analala, na juzi kakubali kukatwa kucha bila vita. Jirani yetu, yule mkunga mstaafu, anakusalimu, ati anauliza kama bado unasinzia ukisukwa nywele. Hapa dukani fotokopi kubwa imeanza tena kutafuna karatasi, na tajiri anailaumu mikono yangu kama kawaida yake.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea basi upo kwenye kikao. Halafu na kule nyumbani, nikiongea na simu sauti ikibadilika kidogo tu, Kaka anaanza kujigonga kichwa ukutani. Kwa hiyo naandika hapahapa kaunta, wateja wakipungua.

Nina shida, na ni ya fani yako. Wiki iliyopita alikuja mwanafunzi kuchapa karatasi yake. Katikati kuna duara lenye neno moja, kisha matawi yametoka kila upande, matawi yakazaa matawi mengine, na jambo zima unaliona kwa kutupa jicho mara moja. Nikamwuliza hii ni nini, akasema ni ramani ya mawazo, kuna programu zinazoichora. Nilibaki nimeishika mpaka akaniomba karatasi yake, jamani, aibu. Maana mimi daftari limenishinda. Nimejaza kurasa arobaini, na nikitaka kitu kimoja sikipati.

Nichagulie programu hiyo. Ya matumizi ya kila siku tu, wala si ya wakubwa wa maofisini. Ifunguke kwenye simu yangu hii ya kioo kilichopasuka. Ifanye kazi hata intaneti ikikatika. Herufi ziwe kubwa. Niweze kuichapa kwenye karatasi pana za hapa dukani. Na mtu mwingine akiishika, hata mimi nisipokuwepo, aielewe bila kumwuliza mtu. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Usikawie, tafadhali. Na usinijibu mistari miwili.

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanimaliza. Barua yako nimeikuta mezani nikitoka safari, na nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Wewe uliyekuwa unaandika orodha ya sokoni kwenye kiganja, leo unataka programu! Haya, umefika penyewe. Kupanga mikutano ya watu mia tatu bila ramani ya mawazo ni kujitafutia wazimu, kwa hiyo hizi ndizo ninazoshinda nazo.

Nimekupimia tatu. Ya kwanza ina mapambo na rangi hadi kero, na ukifikisha ramani tatu inakufungia mlango mpaka uilipie. Achana nayo. Ya pili ni ya kizamani, inakaa kwenye simu yako tu. Haihitaji intaneti, ni nyepesi, lakini imepooza. Hakuna mwingine anayeona ulichoandika, na simu ikitumbukia kwenye ndoo umekwisha. Ya tatu ndiyo yangu. Ramani moja, watu wengi. Ukiongeza kitu huko, nakiona hapa dakika ileile. Nikifuta hapa, na kwako kimefutika. Na kila mwenye ramani anapata taarifa nani kagusa nini.

Chukua ya tatu, usibishane. Nimeshakufungulia, neno la siri ni jina la utani la Baba.

Masharti ni machache. Jambo kuu liwe katikati. Kila tawi maneno mawili, yakizidi sana matatu, hatuandiki hadithi. Kila kitu kikae kwenye tawi lake. Na usirudie. Kitu kikionekana mara mbili, kimoja ni takataka.

Ulisema karatasi. Dada, karatasi ya nini siku hizi? Hukuniambia hata unapanga nini. Kama unataka kufungua duka lako, nitafurahi sana.

Kuhusu kuja nyumbani, nikipata mwanya nitakuja. Msalimie Kaka.

Kiberiti

15 Machi

Kiberiti,

Hujambo na kazi? Salamu zako nimempa Kaka. Akatazama mlangoni, kisha akaendelea kupanga vifungo vyake. Mkunga mguu unamsumbua. Mimi nipo, nguo zimenipwaya kidogo, nimekaza sketi kwa pini na maisha yanaendelea.

Nilikaidi kwanza. Nimeishi na ile uliyoiita imepooza wiki nzima na nimeipenda. Umeme ulikatika siku mbili, intaneti ikaenda nao, na yenyewe ikawa inafunguka kama kawaida. Na nilitaka kitu cha kwangu, nisitazamwe begani. Lakini nimehamia kwenye ya tatu, kwa sababu ninataka uione. Umeshinda.

Sifungui duka. Katikati nimeandika Kaka. Utashangaa jinsi mtu asiyesema maneno kumi kwa siku anavyojaza karatasi. Uji usiwe na moshi wa jikoni. Kijiko kile cha mpini mweusi, kingine anakitupa. Dawa ya kifafa anaimeza ukimpa mgongo, ukimtazama anaitema. Mvua ikinyesha kwenye bati mfunike masikio. Nikiandika moja, yanakuja matano.

Hebu nikuulize, na usiwake. Ukiachwa na Kaka asubuhi moja tu, utaanzia wapi? Mara ya mwisho ulikaa naye siku nne, mwaka wa sita huu. Ya tano ulipanda basi bila kuaga, na mimi nikarudi nikamkuta na mkunga. Sijawahi kukuuliza kwa nini. Sasa nakuuliza, kwa sababu nahitaji kujua kama nikuhesabu au nisikuhesabu.

Dada yako

7 Aprili

Dada, shikamoo,

Huku salama. Pole na kupungua, punguza na wewe kusimama kwenye hiyo mashine kutwa.

Hayo ya miaka sita tuyaache. Nilikuwa na kazi. Wewe una moyo wako na mimi nina wangu, na kunihesabu kama gunia sipendi.

Tuongee ramani. Nimeifungua, nimeshika kichwa. Matawi mia moja arobaini na mawili! Chai imetajwa mara nne. Sentensi ndefu kama mahubiri. Kwenye tawi la Mlango umening'iniza koti la kijani, na nguo zina tawi lao kule kushoto! Mtu akiishika hii hataelewa, atazimia. Ulisema unataka ieleweke bila kuuliza, sasa mbona umemwaga kabati zima?

Jumamosi tarehe 25 nina nafasi. Nitaingia niisafishe yote, utaipenda.

Halafu niambie ukweli. Unaandika kama mtu anayekabidhi ofisi. Kuna nini?

Kiberiti

22 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Barua yako imefika leo. Nimekupigia mara tatu hukupokea, nikatuma na ujumbe kwamba usifagie chochote. Sijui kama umeuona. Nimechoka kukupigia.

Umeuliza kuna nini. Nina uvimbe tumboni. Wameuona Januari. Jumatatu tarehe 27 naondoka kwenda hospitali kubwa, mwendo wa saa sita kwa basi, na daktari anasema watafungua kwanza ndipo wajue. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda, wala usije kwa kunionea huruma. Huo ni ujinga wangu na umenila miezi mitatu.

Mkunga atahamia nyumbani. Ramani ipo kwenye simu yake, na tajiri ameahidi kuichapa Jumamosi jioni kwenye karatasi pana na kuivika plastiki ibandikwe ukutani. Mtu huyu na ubahili wake wote, hakunitoza chochote, nikalia mbele yake.

Sasa nisikilize. Hiyo unayoiita kabati lililomwagwa ndiyo inayomweka hai. Chai ipo mara nne kwa sababu anakunywa mara nne na kila mara vingine. Na koti liko mlangoni kwa sababu ndipo linapokaa. Nikienda kazini navua lile koti langu la kijani la nyumbani, nalitundika kwenye msumari wa mlangoni. Likiwa pale, kwake mimi nipo. Anakaa chini yake na vifungo vyake mpaka nirudi. Siku moja nililifua asubuhi, akatoka kunitafuta, nikapigiwa yowe dukani kwamba yuko katikati ya barabara kuu amesimama. Koti halifuliwi, haliondolewi, halipangwi na nguo.

Usiguse chochote mpaka nirudi. Naogopa, mdogo wangu. Kufa naogopa kidogo, kumwacha naogopa sana.

Dada yako

9 Mei, nyumbani

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianze vipi salamu. Simu yako imezimwa tangu ulipolazwa, na muuguzi aliyepokea ile ya wodini alikataa kukupa habari kwa mdomo, kasema niandike, daktari ataona lini ukabidhiwe. Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi.

Niko nyumbani. Barua yako ya tarehe 22 niliipata tarehe 4, asubuhi. Nilikuwa bado nimeishika mkunga aliponipigia. Kaka alikuwa ametoka tangu jana yake.

Mkunga alilifua koti. Alikuwa anataka kukufurahisha, ulikute safi. Aliangalia ramani ukutani kama kuna katazo, hakuliona. Anajipiga kifua mpaka leo, nimemwambia hana kosa.

Kaka alifika dukani kwenu, akakuta pamefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Akaendelea kwenda. Upande wa pili wa barabara kuu aliingia kwenye ua wa watu. Wakamwuliza wewe ni nani, unatafuta nini. Unajua hakujibu. Wakasema mwizi. Walimpiga, Dada. Mwanamke mmoja mle uani ndiye aliyewazuia, akampeleka zahanati, na huko hakuna aliyejua ni wa nani mpaka tulipomkuta tarehe 5. Mkono wa kushoto umevunjika, wamemfunga plasta. Jicho moja lilikuwa limefumba, sasa linafunguka.

Yuko hai. Nimeanza na hayo mengine kwa kuwa ndivyo yalivyonijia kichwani, nilipaswa kuanza na hili.

Hali chakula. Nimejaribu kijiko cheusi, nimempa mgongo, nimefuata ramani neno kwa neno. Anakaa mlangoni. Koti nimelirudisha lakini linanuka sabuni, na amelitazama mara moja tu. Leo kalamba maji ya uji.

Kwenye ramani koti halikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa.

Mdogo wako

14 Mei, wodini

Mdogo wangu,

Nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya tatu muuguzi akaninyang'anya. Mwandiko usiushangae, nina sindano ya maji mkononi.

Koti ni mimi. Kichwa changu siku zile hakikuwa changu, nitakuwa nilisahau kuliandika. Mkunga asilie, na wewe usijitese.

Uji umtilie chumvi badala ya sukari kwa siku chache. Alipokuwa na homa ya utotoni ndivyo Mama alivyomrudisha. Na usikae mbele yake akila. Lala sakafuni, jifanye umesinzia.

Plasta wanaitoa lini? Usimruhusu mtu mwenye koti jeupe aingie bila kuvua viatu, anaogopa mlio wa soli.

Kuhusu mimi niulize barua ijayo.

Dada yako

21 Mei, nyumbani

Dada, shikamoo,

Anakula. Nimelala sakafuni siku tatu kama gogo, na ya nne nikasikia kijiko. Nililia nimefumba macho ili asinione. Mkunga anakusalimu. Tajiri wako alikuja na mkate, akasimama mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa.

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Sasa naiandika ya mwisho.

Hukusahau. Koti uliliandika. Nimelifuta mimi, Jumamosi tarehe 25, saa tatu asubuhi, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi, nikijiona fundi. Programu imeandika yote, nani kagusa nini na saa ngapi, na jina ni langu. Nilifuta matawi thelathini na moja. Na tajiri akaichapa jioni yake, ikabandikwa ukutani hivyohivyo.

Na ujumbe wako niliuona, Dada. Ule wa usifagie. Niliusoma, nikasema huyu naye king'ang'anizi, akiona ilivyopendeza atanyamaza. Nisingekuwa nimeuona ningejisamehe. Niliuona.

Wewe ulitaka ile inayokaa kwenye simu yako. Mimi ndiye niliyesema imepooza.

Na hilo la miaka sita nakujibu. Siku ya nne alipata kifafa mikononi mwangu, jikoni. Alipozinduka alinishika kidole, hakuniachia mpaka jua likazama. Nikaona maisha yangu yote yako kwenye kile kidole. Niliogopa, nikakimbia. Hakunifanyia ubaya wowote. Alinishika tu.

Nimeacha kazi. Niambie watu wale wa hospitali wanasemaje, nataka nije nikuuguze. Mkunga anasema atajaribu tena kukaa naye siku mbili. Nitukane kwanza ukitaka, nitakuja tu.

Mdogo wako

30 Mei, wodini

Kiberiti wangu,

Hujambo? Kaka hajambo? Mimi leo nimekunywa nusu kikombe cha chai na wodi nzima imepiga makofi, tumekuwa na mambo ya kitoto humu.

Nilijua. Taarifa iliingia kwenye simu yangu Jumamosi ileile, nikifunga begi. Imeandika jina lako, imeandika koti limefutwa. Ningeweza kulirudisha kwa kugusa mara moja, ulinifundisha mwenyewe. Lakini nilikasirika. Nilisema mwache, kazoea kunisahihisha, nitamwambia mkunga kwa mdomo, na huyu atajionea haya akija. Nikaizima simu. Jumatatu gari la kunipeleka stendi lilikuja mapema, mkunga alikuwa kisimani, nikaondoka. Nilikumbuka nikiwa njiani, nikasema siku mbili tatu haitatokea kitu. Na nikakuandikia kwamba nilisahau, kumbe si kweli. Basi usibebe peke yako. Mimi na wewe tumemvunja mkono, mmoja kwa kidole na mwingine kwa kiburi.

Sina nafasi ya kukutukana. Walifungua, wakatazama, wakafunga. Daktari ni kijana mpole, alikaa kitandani akanieleza bila kuzunguka. Ni wiki, labda chache. Saa sita ndani ya basi siziwezi tena, na Kaka kwenye basi tunajua.

Kwa hiyo usije. Nakwambia hivi na moyo unanipasuka, maana nataka kukuona kuliko maji. Lakini ukitoka mlangoni atahesabu wa pili aliyeondoka. Mkunga amejitahidi, mguu wake haumruhusu kumkimbilia. Kaa. Nimekuhesabu.

Ramani irudishe yote thelathini na moja, na uhamishie kwenye ile ya simu yako peke yako. Ongeza unayoyaona mwenyewe. Rudia kadiri utakavyo.

Kuna tawi moja halimo, na hilo hukulifuta. Ni namna ya kumwambia kwamba sirudi. Tangu Januari nimejaribu kuliandika. Naandika neno moja, nafuta. Baba alipokufa Kaka alimngoja mlangoni miezi minane, na sikujua la kumwambia, nikawa nampa chai. Sijui mdogo wangu, kweli sijui. Hilo nakuachia wewe.

Ukimwambia, kaa kushoto kwake. Sikio la kulia halisikii vizuri. Hilo nalo sikuliandika.

Dada yako